Supu ya Vitunguu ya Kifaransa kwa Jiko la Gesi

Katika baridi ya Julai jijini Nairobi, supu ya vitunguu ya Kifaransa ni chakula cha jioni kisicho na gharama kubwa, na takriban kazi yake yote imo katika kukaanga vitunguu polepole. Kata kilo moja ya vitunguu vyekundu vya sokoni viwe vyembamba, uvitie kwenye sufuria nzito yenye vijiko viwili vya siagi, mafuta kidogo na chumvi, kisha uviache juu ya moto mdogo kwa dakika 45 hadi saa nzima huku ukikoroga mara kwa mara. Mwanzoni vitatoa maji na kunywea. Baadaye sukari iliyomo ndani yake itaanza kubadilika rangi, na chini ya sufuria patashika utando wa kahawia, ambao hauna budi kukwanguliwa kwa mwiko baada ya kunyunyiza maji kidogo, kwa kuwa ladha yenyewe imo humo. Anayeongeza moto ili amalize haraka huishia na vitunguu vilivyoungua kingo na kubaki vibichi ndani.

Mimina lita moja na nusu ya supu ya mifupa ya ng'ombe, ongeza thaimu (majani ya kiungo yenye harufu nzuri) na kijiko cha siki badala ya divai, uchemshe kwa dakika 20. Wafaransa huweka mkate na jibini la Gruyère juu ya supu, kisha huliyeyusha katika ovena. Asiye na ovena aweke jibini la cheddar lililokwaruzwa juu ya vipande vya mkate wa jana vilivyokaushwa, avifunike kwenye kikaango hadi jibini liyeyuke, kisha aviweke juu ya supu bakulini.