Maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha

Masika yakishika, maji ya vyoo huingia visimani, Unguja na Pemba kadhalika, na matumbo hayachelewi. Kinachoua zaidi ni mwili kukaukiwa. Pakiti ya chumvichumvi ya kituo cha afya ndiyo bora. Ukiikosa, tengeneza mwenyewe.

Chemsha maji lita 1, yaache yapoe. Tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, koroga mpaka viyeyuke. Futa kila kijiko kwa mgongo wa kisu, kisiwe na kilima. Hapo ndipo wengi wanapokosea: chumvi ikizidi ni hatari, sukari ikizidi huongeza kuharisha. Onja, yakipita chumvi ya machozi, mwaga.

Kila akiharisha, wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Ziwa asiachishwe. Dafu tamu, lakini chumvi yake haitoshi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Macho yakibonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, choo kikawa kama maji ya mchele au kina damu, mkimbize hospitali, na njiani umnyweshe.