Mawingu kwenye rangi ya metaliki: kuzuia na kurekebisha

Rangi ya metaliki ina chembe bapa za alumini. Zikilala sawasawa, boneti nzima hung'aa namna moja. Ukipiga rangi ikawa maji mno, chembe huogelea, zingine husimama wima, na hapo panaonekana peusi. Pakiwa pakavu mno panaonekana peupe. Ndiyo maana mlango hutoka na mawingu au mistari hata kama rangi ni ya kopo moja.

1. Koroga hadi chini kabisa, alumini hutuama. Thina ipimwe kwa kikombe kama kopo linavyoelekeza, si kwa macho, kisha chuja. Changanya ya kutosha kazi nzima.

2. Tumia bunduki ya kupulizia rangi yenye nozeli ya milimita 1.3 na ujaribu kwanza kwenye kadi. Bunduki ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, mkono usafiri sambamba nayo bila kuzungushwa kwenye kiwiko. Kila mstari ufunike nusu hadi robo tatu ya uliotangulia.

3. Piga mikono (yaani matabaka ya rangi) miwili ya wastani. Kati yake subiri dakika 5 hadi 10. Inama, tazama bodi kwa ubavu: ng'ao ya maji ikiisha kote, hata pembeni mwa kishikio, ndipo uendelee. Wengi huharibu hapa kwa haraka.

4. Mkono wa mwisho ndio unaosawazisha. Mkono wa pili ukishafifia, rudi nyuma hadi sentimita 25 au 30, punguza presha kidogo, upite kwa kasi, kwanza kwa mlalo halafu kwa wima. Rangi itue kama umande. Ukihisi chengachenga kama msasa, umeenda mbali mno.

5. Mkono wa kwanza wa klia (vanishi angavu ya juu) uwe mwepesi. Klia nzito huilainisha tena rangi ya chini na chembe zikahama. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke. Klia inayochanganywa na hadina (kigumishi) ina sumu ya mapafu.

Mawingu ukiyaona kabla ya klia, acha pakauke, rudia hatua ya 4. Usipige msasa kisha ukaweka klia moja kwa moja: msasa hukata chembe na kuacha alama nyeusi, kwa hiyo ukisugua lazima upige rangi tena.

Klia ikishakauka, polishi haisaidii kitu, kwani kasoro iko chini yake. Sugua paneli nzima kwa msasa wa maji namba 800, safisha mafuta, piga rangi upya, na kwenye paneli ya jirani ififishe taratibu, kisha klia kote.