Direila ya mbele imekufa? Soma fremu yako kwanza kabla hujanunua nyingine

Direila ya mbele ya baiskeli ya milima, ile inayohamisha cheni kati ya sproketi za mbele, ni spea ndogo ila inasumbua kununua kuliko hata ile ya nyuma, manake ya nyuma nyingi zinafungwa kwenye sikio la fremu kwa bolti moja basi, lakini ya mbele kila mtengeneza fremu alijiamulia lake, huyu kaifunga kwenye bomba la siti, yule kaipigia bolti moja kwa moja, huyu kebo yake inashuka toka juu, yule inapanda toka chini. Sa mtu anaagiza kwa jina tu, nipeni Deore (jina la daraja moja la spea za Shimano), inakuja nzuri inang'aa alafu haikai. Jina ni kitu cha mwisho kuangalia. Fremu ndo inayoamua, baada yake sproketi, baada yake shifta (ile ya kwenye usukani ya kubadilishia gia), na jina na hela vinafuata nyuma kabisa.

Ila kwanza hakikisha kweli direila ndo imekufa. Legeza kebo itoke kabisa, alafu isukume keji (yale mabamba mawili ambayo cheni inapita katikati yake) kwa mkono kwenda nje na uiachie. Inatakiwa irudi yenyewe fasta bila kusita. Kama inarudi vizuri na haichezi cheze, tatizo lako karibu lote liko kwenye kebo na ganda lake, kutu na tope vimeingia ndani, au grisi ya ndani ya shifta imekauka ikawa gundi. Badilisha kebo na ganda kwanza, ni bei ndogo zaidi na mara nyingi gia zinafufuka hapo hapo. Lakini kama pini za maungio zimeliwa hadi keji ukiishika mkiani inayumba, au bamba la ndani cheni imelichonga mfereji, au springi imechoka hairudishi, hapo usipoteze muda kunyoosha na koleo, tafuta nyingine. Keji iliyopinda kidogo tu unaweza kuinyoosha, iliyolegea haina dawa.

Sa ukishaamua kununua geuza ile ya zamani usome namba yake. Shimano wanaigonga kwenye chuma chenyewe, inaanza na FD, na ikiwa FD-M hiyo ni ya milima, ikiwa FD-R ni ya barabarani. Ukiwa na namba kamili nusu ya kazi imeisha. Nusu tu lakini! Baiskeli ikishapita mikono kadhaa unaweza kukuta ile direila haikuwa ya fremu ile tangu mwanzo, fundi aliipachika kwa nguvu ikakubali shingo upande, kwa hiyo ukinunua inayofanana nayo unanunua na shida zake. Soma namba alafu pima.

Kupima kwenyewe hakuna ugumu. Kama direila yako inakumbatia bomba la siti kwa klampu, saizi za klampu ni tatu, 28.6, 31.8 na 34.9, zote milimita. Huna venia ya kupimia upana? Chukua uzi, zungushia bomba pale pale klampu inapokaa, weka alama, upime kwa rula. Ukipata karibu milimita 90 bomba ni la 28.6, ukipata 100 ni la 31.8, na ukipata kama 110 ni la 34.9. Pima pale kwenye chuma au rangi tupu, sio juu ya stika nene wala tope lililokauka.

Hapa kuna mtego watu wengi wanaingia. Bomba la kuinulia siti limeandikwa 31.6, mtu anasema si ndo hiyo hiyo 31.8, anaagiza. Hapana. Ile 31.6 ni upana wa kitu kinachoingia NDANI ya bomba, klampu inakaa NJE, na fremu yenye 31.6 ndani mara nyingi nje ni 34.9. Usikisie kutoka kwenye namba ya siti, pima nje. Habari nzuri ni kwamba klampu nyingi za 34.9 zinakuja na vipande vya kujazia vya kushusha hadi 31.8 na 28.6, kwa hiyo ukibaki njia panda kubwa yenye vipande ndo salama, ndogo huwezi kuipanua.

Kama hakuna klampu, angalia imefungwa wapi. Kuna zile zinazofungwa kwa bolti kwenye fremu yenyewe, wanaita daireki maunti, na zenyewe zina za juu, za kati na za chini, hazibadilishani. Kuna pia za sahani, yaani direila ina bamba linalobanwa nyuma ya kikombe cha botomu (pale mhimili wa pedali unapopita kwenye fremu), hizi Shimano wanaziita E-type. Kwa hizi hakuna ujanja wa uzi, linganisha matundu na ya zamani, umbali kati yake na mahali yalipo, na kama una baiskeli yenye shoki nyuma uwe mkali zaidi manake nyingine direila imekaa kwenye mkono unaopanda na kushuka, sio kwenye fremu.

Alafu kuna hii ya topu swingi na dauni swingi, ambayo inafukuza watu lakini ukiitazama ni rahisi. Angalia klampu ipo wapi ukilinganisha na keji. Klampu ikiwa juu na mitambo yote inaning'inia chini yake, hiyo dauni swingi. Klampu ikiwa chini, karibu usawa na keji, na mikono inazunguka kwa juu, hiyo topu swingi. Zote zinahamisha cheni sawa tu, mimi sioni ya kubishania hapo, shida ni nafasi. Dauni swingi klampu yake ikipanda inaweza kugonga bolti za kishikio cha chupa au maungio ya shoki, topu swingi nayo inataka bomba liwe tupu na la duara huku chini karibu na botomu. Fremu nyingi zina sehemu moja tu yenye duara safi, basi hiyo sehemu ndo inakuchagulia.

Na kuna ya tatu, saidi swingi, Shimano waliileta 2014 na XTR, daraja lao la juu la milima, ya spidi 11. Hii kebo inaingia toka mbele, haitoki juu wala chini, na ganda linakwenda nalo hadi kwenye direila yenyewe. Inasukuma cheni kwa urahisi na inaacha nafasi kubwa kwa tairi pana, naipenda. Lakini kama fremu yako haina njia ya kupitisha kebo kwa mbele achana nayo, utaishia kufunga ganda na zipu tai na kila ukipiga kona linasugua.

Kebo sasa. Ifuate kwa macho toka kwenye shifta. Inashuka kutokea bomba la juu? Au inapita chini ya botomu alafu inapanda? Direila nyingine zinakubali juu tu, nyingine chini tu, nyingine zina njia zote mbili. Ukiona ya njia mbili na vingine vyote vinakubali chukua hiyo usijiulize mara mbili.

Tukija kwenye sproketi, hapa ndo direila inayokaa vizuri kwenye fremu bado inaweza kukuangusha. Kwanza hesabu ni mbili au tatu. Keji ya tatu bamba lake la ndani ni refu na lina mikunjo ya kubeba cheni toka sproketi ya kati, ukiiweka kwenye mbili itafanya kazi kwa kulalamika, inasugua huku na huku. Keji ya mbili kwenye tatu usijaribu. Pili hesabu meno, kwa kawaida yamegongwa kwenye sproketi yenyewe. Toa ndogo kwenye kubwa: 42-32-22 tofauti ni 20, 38-24 ni 14, 36-26 ni 10. Hiyo namba isizidi uwezo wa direila ulioandikwa kwenye maelezo yake, ikizidi cheni ikiwa kwenye sproketi ndogo mbele na ndogo nyuma italalia mkia wa keji. Tatu, na hii wengi wanairuka, ukubwa wa sproketi kubwa. Keji imekunjwa kufuata duara fulani. Iliyotengenezwa kwa meno 48 ukiiweka juu ya 36 mbele itakuwa karibu na meno ila mkiani imeachia pengo kubwa, kuhamisha kunakuwa kwa kubahatisha, na ukijaribu kuishusha mkia unagonga bomba linaloenda gurudumu la nyuma. Zile za sproketi tatu zina na kipimo cha tofauti ya chini kati ya kubwa na ya kati, meno 10 au 12, kwa hiyo kama uliwahi kubadilisha sproketi moja ya kati ukaweka nyingine ya saizi tofauti kiangalie.

Laini ya cheni isome pia. Ni umbali toka katikati ya bomba la siti hadi sproketi ya kati, au hadi katikati ya zile mbili kama una mbili. Kwenye milima utakutana sana na 47.5 na 50 milimita, na fremu za Boost (zile zenye habu pana zaidi) zinasogea nje kama milimita 3 zaidi. Direila isiyofika huko nje hata ukifungua skrubu ya H (inayozuia keji isiende nje zaidi) hadi itoke haitafika. Kuna pia digrii, 63-66 au 66-69, ni pembe kati ya bomba la siti na lile la kwenda nyuma, nyingi za milima ni 66-69 ila thibitisha.

Shifta: usichanganye ya barabara na direila ya milima. Kiasi cha kebo inachovuta kila klik ni tofauti, utaseti mpaka uchoke. Spidi za nyuma nazo zina maana manake ndo zinaamua upana wa cheni, keji ya spidi 8 ni pana kuliko ya 10 au 11, ukiwa na cheni nyembamba ndani ya keji pana inachelewa kudaka. Kupishana spidi moja kwa kawaida kunavumilika. Shifta ya tatu inaweza kuendesha mbili, unaifungia tu na skrubu isivuke. Na kama bado una zile shifta za kizamani zisizo na klik, unasukuma tu hadi unaposikia imekaa, we tajiri, hazichagui.

Kuhusu bei na daraja maoni yangu ni haya, ya kati inatosha. Ile ya bei ya juu kabisa inapunguza gramu chache ambazo chupa ya maji inazirudisha zote. Epuka tu zile za chini kabisa ambazo mikono yake ni bati lililokunjwa, zinaanza kuyumba mapema. Ukinunua iliyotumika ishike mkiani uitikise, alafu tazama ndani ya keji kama kuna mfereji.

Au usinunue kabisa? Tangu kampuni ya SRAM itoe XX1, seti ya gia ya sproketi moja mbele, mwaka 2012 watu wengi wameitupa direila ya mbele wakabaki na sproketi moja. Piga hesabu kwanza. Meno 22 mbele na 34 nyuma inakupa 0.65, yaani pedali mzunguko mmoja gurudumu halifiki hata robo tatu ya mzunguko, unapanda ukuta. Sproketi moja ya 32 na hiyo hiyo 34 ni 0.94, magoti yatakuuliza. Kupata uleule wepesi unahitaji 50 nyuma, na hiyo inamaanisha kaseti (zile sproketi za nyuma), direila ya nyuma, shifta, cheni, saa ingine hadi habu. Kama vilikuwa vimekwisha vyote fanya, kama sio direila ya mbele peke yake ni nafuu mbali.

Ikishafika, ingiza cheni kwenye keji, nyingine zina skrubu mkiani ya kuifungua, nyingine itabidi ufungue cheni. Bamba la nje lipite juu ya meno ya sproketi kubwa kwa milimita 1 hadi 3, na liwe sambamba nayo ukitazama toka juu. Bolti ya klampu ikazwe kati ya 5 na 7 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), fremu ya kaboni ufuate kipimo cha fremu na usizidishe. Cheni weka ndogo mbele kubwa nyuma, seti skrubu ya L (inayozuia keji isiende ndani zaidi) bamba la ndani likaribie cheni bila kuigusa, ndo uvute kebo na kuifunga, alafu nenda kubwa mbele ndogo nyuma useti H. Urefu na usambamba ukiwa umekosea hizo skrubu hazitakuokoa, legeza klampu uanze upya. Na ukaijaribu kwenye kimlima ukiwa umekaa juu yake, kwenye stendi cheni haina mzigo na kila direila inaonekana nzima.