Somo: Kutoka preseti ya paki hadi sauti inayokaa ndani ya wimbo

Paki ya sauti ni folda ya preseti, yaani mipangilio iliyohifadhiwa ya sintesaiza ya kompyuta (kwa kifupi sinti, programu inayounda sauti) kama Serum, Vital, Surge XT au Diva. Mara nyingi ndani ya preseti hakuna sauti iliyorekodiwa. Kuna maelekezo tu: oskileta (chanzo cha sauti) ipi iwake, filta (kichujio cha masafa) ifunguke kiasi gani, LFO (wimbi la polepole linalosogeza mipangilio) itikise nini. Ndiyo maana faili zake huwa ndogo, na ndiyo maana unaweza kugusa kila kiungo cha sauti hiyo, uhuru ambao lupu (kipande kilichorekodiwa cha kurudiarudia) haikupi.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja. Aliyetengeneza preseti aliitengeneza ikisikika peke yake. Hakuijua kiki yako (ngoma ya chini) wala vokali yako. Ili uipende kwa noti moja, ameijaza upana, rivabu (mwangwi wa chumba), uzito wa chini na mng'aro wa juu. Ukiiweka hivyo hivyo ndani ya wimbo wenye vyombo vinane, inakula nafasi ya wenzake wote. Kwa hiyo kazi kubwa ya prodyuza anayetumia paki ni kupunguza.

Wapo wanaosema kutumia preseti ni uvivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Sintesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ilipendwa kwa sababu iliweza kukumbuka sauti 40 badala ya mpigaji kuzipanga upya kila mara. Yamaha DX7 ilipotoka 1983, piano yake ya umeme iliyokuja tayari ndani ya mashine ilisambaa katika nyimbo nyingi mno za muongo ule. Waliozipiga walikuwa wanamuziki hasa. Kinachotofautisha watu ni wanachofanya baada ya preseti kufunguka.

Hatua ya 1: Hakikisha paki ni ya sinti uliyonayo

Preseti ya sinti moja haifunguki kwenye nyingine. Angalia herufi za mwisho za faili: .vital ni ya Vital, .nmsv ni ya Massive, .h2p ni ya sinti za u-he kama Diva. Penye mtego ni .fxp. Huo ni muundo wa jumla wa VST ya zamani (mfumo wa plagini, yaani programu zinazofunguka ndani ya programu ya studio), na Serum, Sylenth1 na Surge XT zote zinautumia. Faili ya .fxp ya Sylenth1 haitakaa ndani ya Serum ingawa herufi za mwisho zinafanana. Soma maelezo ya paki kabla ya kulipa.

Angalia na toleo. Preseti iliyotengenezwa kwenye toleo jipya kwa kawaida haifunguki kwenye la zamani. Serum 2 inasoma preseti za Serum ya kwanza, lakini Serum ya kwanza haisomi za Serum 2.

Hatua ya 2: Weka kila folda mahali pake

Fungua faili la zip kwanza; usilivute likiwa limefungwa. Kwenye Serum nenda kwenye menyu, chagua kuonyesha folda ya preseti, kisha weka preseti ndani ya Presets, majedwali ya mawimbi (maumbo ya mawimbi ambayo oskileta huyasoma) ndani ya Tables na faili za kelele ndani ya Noises. Ukimaliza, rudi kwenye menyu uiambie ichunguze folda upya. Kwenye Vital, kama paki imekuja kama benki moja, unaiingiza kupitia menyu ya preseti. Surge XT ina folda yake ya mtumiaji, nayo unaifikia kutoka kwenye menyu yake.

Usibadilishe majina ya folda ndogo zilizokuja na paki. Preseti hutafuta faili la kelele kwa jina na mahali, na lisipoonekana sauti itatoka pungufu bila onyo la maana.

Hatua ya 3: Chagua ukiwa ndani ya wimbo, kwa sauti iliyolingana

Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima. Wanafungua paki ya preseti 200, wanabonyeza moja moja kwenye mradi mtupu, na mwishowe masikio yamechoka na biti haijaongezeka hata kipande.

Andika melodia au kodi zako (noti kadhaa zinazolia pamoja) kwanza, kwa sauti yoyote ya kawaida. Kisha zungusha kipande cha baa nne huku kiki na besi zikilia, na ubadilishe preseti juu yake. Chagua inayosaidia kile kipande, hata kama ukiisikiliza peke yake ni ya kawaida tu. Mara nyingi ndiyo huwa hivyo.

Na ulinganishe sauti. Sikio la binadamu huona chenye sauti kubwa kuwa ndicho kizuri, na preseti za paki moja zinaweza kupishana desibeli nyingi. Weka plagini ya kurekebisha sauti baada ya sinti, na kila ukibadilisha preseti uisawazishe na iliyotangulia kabla ya kutoa hukumu. Ni kazi ya sekunde chache, na bila hiyo unachagua kelele.

Ukipata tatu zinazofaa, acha kutafuta.

Hatua ya 4: Vua efekti zote

Zima efekti za ndani ya sinti: rivabu, dilei, korasi, distoshini, kompresa, kila kitu. Sikiliza kilichobaki. Sasa unajua sauti yenyewe ni ipi. Rudisha efekti moja moja, na kila moja ijibu swali: bila hii wimbo unakosa nini? Distoshini mara nyingi hurudi, kwa kuwa ni sehemu ya umbo la sauti. Rivabu mara nyingi hairudi, maana ni afadhali vyombo kadhaa vitumie rivabu moja uliyoiweka kwenye chaneli ya pamoja, visikike kama viko katika chumba kimoja.

Hapo hapo punguza yunisoni, yaani nakala za sauti moja zinazolia pamoja. Mtindo wa kurundika mawimbi ya msumeno yaliyopishwa tuni kidogo ulipata umaarufu na Roland JP-8000 ya miaka ya 1990, na leo karibu kila paki ya muziki wa dansi imejaa ledi (sauti za melodia kuu) za namna hiyo. Zinafaa pale ledi inapotawala. Kwa sauti ya pembeni, jaribu sauti mbili au tatu za yunisoni badala ya saba, kisha sikiliza wimbo kwa mono, kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa kuwa kimoja. Ikiwa ledi imenywea kabisa kwenye mono, upana ule ulikuwa unakudanganya.

Hatua ya 5: Oktava na sehemu ya chini

Besi ya paki inaposikika dhaifu, kabla ya kuilaumu angalia oktava. Programu za studio hazikubaliani majina ya noti: noti namba 60 ya MIDI (lugha ya noti kati ya vyombo na kompyuta) inaitwa C3 kwenye Ableton Live na C5 kwenye FL Studio. Ukifuata maelekezo ya mtu mwingine kwa jina la noti, unaweza kuwa oktava mbili mbali naye.

Besi yenye noti ya A ya 55 Hz ina uzito unaosikika kwenye spika nyingi nzuri. Ukiishusha oktava moja unafika 27.5 Hz, ambako spika nyingi hazitoi kitu. Kwa padi (sauti ndefu laini za nyuma) na ledi fanya kinyume: kata sehemu ya chini kwa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa. Anza kukata karibu na 150 Hz, kisha panda taratibu mpaka usikie sauti inakonda, halafu rudi nyuma kidogo.

Hatua ya 6: Linganisha envelopu na mwendo wa wimbo

Kama ningeruhusiwa kufundisha hatua moja tu, ningefundisha hii. Envelopu ni umbo la sauti kwa wakati: ataki (inavyopanda), dikei (inavyoshuka kwanza), sasteini (kiwango inachokaa noti ikishikwa) na rilizi (inavyofifia noti ikiachiwa). Aliyetengeneza preseti aliipanga kwa mwendo wake, na wewe una wako.

Hesabu ni rahisi: gawanya 60,000 kwa tempo yako, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo ni milisekunde 500, na noti ya moja ya kumi na sita ni 125. Sasa tuseme umechukua preseti ya pluki (sauti fupi kama ya uzi uliodonolewa) yenye rilizi ya milisekunde 800. Kila noti itaendelea kulia kwa zaidi ya pigo moja na nusu baada ya kuachiwa, ikipanda juu ya zinazofuata. Kodi zinachafuka, nawe unaanza kutafuta kosa kwenye ikwalaiza. Shusha rilizi hadi karibu na 125, kisha sikiliza nafasi inavyofunguka katikati ya noti.

Padi nayo ina ugonjwa wake: ataki ndefu. Padi inayochukua milisekunde 700 kufika kileleni itasikika kama inachelewa kila kodi inapobadilika. Fupisha ataki, au sogeza noti za padi zianze mapema kidogo kabla ya pigo. Mimi hupenda njia ya pili, kwa sababu inaacha ule mvuto wa sauti kuja polepole.

LFO ziambatanishe na tempo ya mradi. Karibu sinti zote zina kitufe hicho.

Hatua ya 7: Makro

Makro ni kitufe kimoja kinachosogeza mipangilio kadhaa kwa pamoja. Mtengenezaji mzuri wa paki huunganisha makro kwa uangalifu, na humo ndimo utajiri wa paki ulimo. Zungusha kila moja kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza. Kisha chagua moja tu na uiotomatishe (ijisogeze yenyewe wimbo unapoendelea) katika wimbo mzima: imefungwa kwenye aya, inafunguka taratibu kuelekea kiitikio. Jaribu pia gurudumu la moduleshini lililo kwenye kibodi. Preseti nyingi zina kitu kimefichwa hapo.

Hatua ya 8: Hifadhi kwa jina lako

Hifadhi preseti uliyoibadilisha kwenye folda yako mwenyewe, kwa jina linaloeleza matumizi: "pluki kavu ya kodi", "besi ya chini ya mono". Usiandike juu ya faili ya awali.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nikitumia preseti kama ilivyo, wimbo unabaki wangu? Naweza kuuza?

Marahaba. Leseni za paki nyingi zinakuruhusu kutumia sauti ndani ya muziki wako, hata wa kuuza, bila kulipa tena. Kinachokatazwa kwa kawaida ni kuuza au kugawa preseti zenyewe. Lakini soma leseni ya kila paki na uihifadhi pamoja na risiti. Angalizo kubwa liko kwenye lupu na melodia za MIDI zinazokuja kama nyongeza. Preseti ukiipigia melodia yako, umetunga. Lupu ya melodia ukiiweka ilivyo, watu wengine wengi wanayo hiyo hiyo, na mifumo ya kutambua muziki kama Content ID ya YouTube inaweza kuuhesabu wimbo wako kuwa wa mwingine.

Kaka, kwenye demo ya paki sauti ni moto, kwangu imelala. Shida ni nini?

Demo imepangwa ikamiksiwa hadi mwisho, ina ngoma nzito, na huenda kuna tabaka mbili tatu za preseti pamoja. Hilo moja. La pili, angalia nguvu ya kubonyeza: preseti nyingi hufungua filta kulingana nayo, na kama umechora noti zote kwa kiwango cha chini, filta haifunguki. Weka noti kati ya 90 na 110 kwenye kipimo cha 127 uone. La tatu, rudi hatua ya 2, huenda faili za kelele haziko mahali pake.

Sina hela ya kununua sinti. Nianze na ipi?

Vital ina toleo la bure, na Surge XT ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi. Surge XT inakuja na preseti nyingi sana tayari, kwa hiyo huhitaji paki yoyote kuanza somo hili. Shika moja, ijue filta yake na envelopu zake, ndipo utafute paki.

Kompyuta yangu inakwama nikiweka preseti tatu za paki mpya. Nifanyeje?

Hesabu mzigo. Oskileta mbili, kila moja ikiwa na yunisoni ya sauti 8, kwa kodi ya noti nne, tayari ni sauti 64 zinazochakatwa kwa pamoja. Rilizi ikiwa ndefu, kodi iliyopita bado inahesabiwa. Punguza yunisoni, fupisha rilizi, weka kikomo cha idadi ya sauti kwenye sinti, na shusha ubora wa uchakataji wakati unatunga. Ukisharidhika, geuza chaneli kuwa odio, uzime sinti. Bakiza nakala ya MIDI.

Nimehama kutoka Serum kwenda Vital. Preseti zangu za zamani ndiyo basi?

Preseti nzima haihami. Majedwali ya mawimbi yanahama: yatoe Serum kama faili za wav, kisha yaingize Vital ukiiambia kila fremu ina sampuli 2048, ndicho kipimo cha Serum. Ukikosea namba hiyo, jedwali litakatwa ovyo na sauti itakwaruza. Baada ya hapo fungua preseti ya zamani upande mmoja, nakili envelopu, filta na LFO kwa mkono upande wa pili. Filta za sinti hizi mbili hazilii sawa, kwa hiyo kikomo cha filta usikipange kwa namba. Kipange kwa sikio. Anza na zile tano au sita unazozitumia kweli kwenye nyimbo zako, zilizobaki zingoje mpaka wimbo uzidai.