Kusafiri na mgonjwa wa oksijeni kwa ndege kutoka Lamu: anza na daktari, tiketi ngoja kwanza

Mara ya kwanza kumpeleka mamangu Nairobi tulikata tiketi kisha ndo tukaanza mambo mengine, tukavuka Manda, kisiwa chenye kiwanja cha ndege, na mtungi wetu ndani ya boti tumeufunika leso, kufika kaunta tukaambiwa mtungi haupandi, hatukuombea ruhusa. Tukarudi nao vilevile na pesa ya tiketi ikaenda na maji. Bas, mpangilio ni huu, mtu asirudie yetu.

Anza na daktari. Atampima oksijeni ya damu kwa kile kidude cha kidoleni, mgonjwa ametulia. Manake ndani ya ndege kubwa hewa inawekwa kama uko mlimani, inaweza kufika kama mita 2,400, yaani ni kama unavuta hewa yenye oksijeni asilimia 15 wakati hapa chini tunavuta 21. Na sisi ni watu wa usawa wa bahari! Nairobi yenyewe iko juu zaidi ya mita 1,600, mgonjwa anayetembea Langoni bila shida anaweza kufika kule akaanza kuhema hata hajatoka kiwanjani, kwahivo mwambie daktari mtakaa Nairobi siku ngapi, usimwambie habari ya ndege peke yake.

Kisha pigia simu shirika uulize ni ndege aina gani. Zile Caravan ndogo hazina presha ya ndani kabisa, yaani hewa ni ileile ya nje, Dash 8 zinayo. Swali dogo lakini kwa mapafu mabovu ndo kila kitu.

Sasa fomu. Inaitwa MEDIF, ndo ya kuombea mgonjwa ruhusa ya kupanda, waombe shirika wakutumie kwa imeli. Sehemu moja unajaza wewe, nyingine daktari na muhuri wake. Hapa ndo wengi wanakwama. Daktari wetu aliandika tu "anahitaji oksijeni" na fomu ikarudi, manake wanataka lita ngapi kwa dakika, ni mfululizo au kwa kila pumzi, safari nzima au akizidiwa tu, na kama anaweza kukaa wima na kwenda chooni mwenyewe. Kaa na daktari mujaze pamoja, usiache fomu mezani ukaifuata kesho. Mashirika mengi yanataka ifike saa 48 mpaka 72 kabla ya safari, sisi siku hizi tunatuma wiki nzima kabla, na twaiskani saiba, yaani duka la intaneti, picha ya simu yenye kivuli cha mkono wanairudisha. Jibu likija liprinti.

Mtungi wako mwenyewe usiubebe bila kibali chao, na oksijeni ya maji hairuhusiwi kabisa. Kuna mashirika yanayotoa oksijeni yao kwa malipo lakini hiyo ni ya ndani ya ndege tu, kwenye kusubiri ni juu yako. Na zile barakoa zinazoshuka juu ya kiti ni za dharura, usizitegemee. Ndo maana wengi wanatumia ile mashine ndogo ya betri ya kubeba begani, inayopata oksijeni kutoka kwa hewa ya kawaida. Igeuze utafute maandishi mekundu yanayosema imekubalika ndani ya ndege. Ile kubwa ya nyumbani ya kuchomeka ukutani haitumiki angani. Halafu namba 2 kwenye mashine inayotoa oksijeni kwa kila pumzi sio lita 2 kwa dakika, muulize daktari aiweke mwenyewe.

Betri sasa. Kanuni inayotumika sana ni mara moja na nusu ya safari, lakini usihesabu ndege peke yake. Sisi kutoka mlangoni, boti, kusubiri Manda, ndege saa moja na kitu, mpaka foleni ya Nairobi, ilikuwa saa 6, kwahivo tulibeba betri za saa 9. Za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, ncha zimefunikwa, kamwe sio kwenye mzigo wa chini. Zikizidi 100 Wh, kipimo cha betri kilichoandikwa juu yake, uombe ruhusa, mwisho mbili. Na chaji mapema, stima yetu mwaijua.

Siku yenyewe angalia maji. Yakitoka ngazi za gati zinakuwa nyingi na zina utelezi, mgonjwa anachoka kabla hajaiona ndege, mwambie nahodha mvuke maji yakiwa yamejaa hata kama mtafika Manda mapema. Pua ikikauka usimpake mafuta ya mgando, yakikutana na oksijeni yanaweza kushika moto, mpe maji anywe. Ndani ya ndege hawezi kukaa kiti cha mlango wa dharura, mashine inaingia chini ya kiti cha mbele.

Kurudi nako kuna fomu. Mkirudi na shirika jengine kibali cha mwanzo hakifai, na hali ikibadilika wanataka mpya, kwahivo mwambieni daktari wa Nairobi aijaze kabla hamjaruhusiwa kutoka wodini, mkishatoka kumpata tena ni kazi.