Kabla hujahamia nchi ya watu

Watu wengi wakishapata viza hukimbilia kufunga masanduku. Mimi ningeanza na majina. Tandaza mezani pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa na vya shule vya familia nzima, kisha soma majina herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule ni mtu mmoja kwa majirani zako, lakini kwa karani wa uhamiaji ni watu wawili mpaka ulete kiapo. Kiapo hicho ni rahisi kukipata ukiwa bado kwenu. Angalia pia tarehe ya pasipoti, maana nchi nyingi hazikupokei kama imebakiza chini ya miezi 6.

Vyeti navyo vinataka kuthibitishwa. Mkataba wa The Hague wa 1961 ulileta apostili, uthibitisho mmoja unaotambulika kati ya nchi wanachama. Kama nchi yako au uendako haimo, cheti hupitia wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Usikimbilie kutafsiri kabla muhuri haujagongwa, kwani mara nyingi muhuri nao hutakiwa utafsiriwe.

Kwenye lugha, nchi nyingi za Ulaya hupima kwa ngazi za A1, ya anayeanza, hadi C2, ya aliyebobea. Ukifanya IELTS au TOEFL, mitihani ya Kiingereza, matokeo huhesabika kwa miaka 2 tu, kwa hiyo usiwahi mno. Ila cheti kisikudanganye. Mtihani utakuuliza unapenda kufanya nini siku za mapumziko. Simu yako ya kwanza itakuwa ya mwenye nyumba anayeongea haraka kuhusu bomba linalovuja, nawe humwoni mdomo. Fanya mazoezi kwa simu.

Kama una watoto, hapa ndipo pa kukaa kitako na mwenzako. Watoto hukupita kwa lugha upesi, na bila mtu kupanga wanageuka wakalimani wa nyumba. Mtoto wa miaka 10 amesimama kwenye dirisha la zahanati, kidevu ndiyo kwanza kinafika kwenye kaunta, anatakiwa amweleze muuguzi mama yake anatokwa damu wapi. Neno lenyewe halijui hata kwa lugha ya nyumbani. Anamgeukia mama; mama anatazama sakafu. Kubalianeni kabla ya safari kwamba hospitali, mahakama na barua za serikali si kazi ya mtoto. Uliza mapema kama kuna mkalimani, maana hospitali nyingi huweza kumpanga zikiarifiwa. Na lugha ya nyumbani msiiache mlangoni kwa kudhani mnamsaidia mtoto. Ataipata ya shule shuleni. Ya bibi yake atapewa na nani kama si nyinyi?

Mnaowaacha waambieni wazi pesa zitaanza kutumwa lini. Miezi ya kwanza huliwa na kodi ya nyumba na dhamana yake.

Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika jinsi mgeni anavyoanza kwa furaha, akaanguka, kisha akainuka taratibu. Jua kwamba shimo hilo lipo, na ukiwa ndani yake usikate tiketi ya kurudi wala usivunje ndoa. Kuanzia karibu na watu wa kwenu si kosa; ndio watakaokuonyesha ofisi ipi inafungua saa ngapi. Tatizo ni kufika mwaka wa tatu hujui jina la jirani wa mlango wa pili. Huyo naye, kwa njia, ameona mtaa wake ukibadilika bila yeye kuhama, na ukimya wake si lazima uwe chuki. Mwanzie wewe salamu.

Vyeti halisi vibebe mkononi, visiingie kwenye sanduku la mizigo.