Kubadilisha mikono ya chini na boljointi za mbele: bushi hukazwa gari ikiwa imesimama kwa uzito wake

Wiki iliyopita mjomba wangu aliniita Mbalizi, Mbeya. "Gari inagonga mbele kulia, na usukani unanivuta. Njoo kabla sijapanda tena Ilembo." Gari ni Corolla 110, na kazi yake ni kupanda milima ya Umalila, iliko Ilembo, na kushuka na magunia ya viazi. Barabara ile ikishanyeshewa ni makorongo na mawe. Tulishinda chini ya gari siku nzima, na jioni nikaamua kuandika yote, maana huyu ni mtu wa nne mwaka huu kunipigia kwa tatizo hilihili: mkono wa chini, yaani chuma kinachoshika tairi la mbele kwenye chasi, umechoka boljointi (kiungo cha duara kinachoushika kwenye chuma cha habu, yaani kitovu cha tairi) au bushi (raba zinazoushika kwenye chasi).

Hakikisha kwanza ugonjwa ni wenyewe

Sauti ya kugonga inaweza kuwa stabilaiza linki tu (fimbo fupi ya kuzuia gari isilale kwenye kona), na hiyo ni kazi ya nusu saa. Kwa Corolla, piga jeki kwenye chasi, tairi ining'inie. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, mwenzako anyanyue polepole, na wewe weka kidole pale boljointi inapoingia kwenye chuma cha habu. Ukihisi inacheza, imekwisha. Kwa Mark II GX100 ni kinyume: uzito wa springi unashukia mkono wa chini, kwa hiyo jeki ikae chini ya mkono wenyewe ndipo boljointi ilegee uione. Ukipima Mark II kwa namna ya Corolla utasema nzima wakati imekufa.

Boljointi iliyokufa usiipeleke ikachomelewe. Siku ikichomoka, tairi linalala ubavu na gari inakaa chini. Fikiria hilo likitokea kwenye mteremko wa Iwambi nyuma yako kuna semi.

Spea

Mimi nanunua 555 ya Japani kwa boljointi, nikiikosa basi CTR ya Korea. Ishike mkononi dukani: mpya inakuwa ngumu kuzungusha, raba yake haina ufa. Ikizunguka kwa kidole kimoja, rudisha.

Mkono mzima wa mtumba siushauri kabisa. Chuma kinaweza kuwa safi, lakini Corolla 110 zilitengenezwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000, na raba ya bushi ina umri huohuo. Nunua mkono mpya wenye bushi zake. Wapo watakaokushauri bushi za poliyurethani kwa kuwa ni ngumu. Kwa lami ya mjini sawa. Kwa vumbi la huku, zinataka kufunguliwa na kupakwa grisi mara kwa mara, na kila jiwe utalisikia kwenye usukani. Raba mpya nzuri inatosha.

Badilisha pande zote mbili.

Kufungua

Kabla hujapiga jeki, chukua futi kamba. Gari isimame mahali tambarare, isukume mbele na nyuma mita chache ili ikae vizuri, kisha pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda. Andika. Ya mjomba ilikuwa sentimita 36. Namba hiyo utaihitaji baadaye kuliko kitu chochote.

Mengine unayajua: jeki, stendi imara, toa tairi, toa stabilaiza linki. Kwa Mark II, piga alama ya rangi kwenye bolti za kurekebishia alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, kabla hujazigusa.

Kutenganisha boljointi na habu, tumia puli, kifaa cha kuichomoa. Huna puli, tumia nyundo mbili. Rudisha nati nyuzi chache ili mkono usikurukie, weka nyundo nzito upande mmoja wa chuma cha habu pale boljointi inapoingia, na upande wa pili piga kwa nguvu. Unapiga chuma cha habu, si ncha ya boljointi. Mapigo matatu manne, inaachia. Moto wa gesi usiusogeze pale, utaua sili ya beringi.

Baada ya hapo, kwenye 110, boljointi imeshikwa na mkono kwa bolti moja na nati mbili. Ndani kuna bolti za bushi. Kama zina kutu, zinyunyizie WD-40 usiku wa kuamkia kazi.

Kufunga

Tundu la habu na shina la boljointi vifutwe vikauke, visiwe na grisi hata kidogo. Nati ikizunguka na shina lake, pandisha mkono kwa jeki mpaka shina libane, kisha kaza. Tundu la splitipini (pini inayozuia nati isilegee) lisipolingana, ongeza kukaza hadi lilingane. Usirudishe nyuma.

Bolti za bushi zifunge kwa mkono tu, ziguse. Ishia hapo.

Kukaza bushi

Mwaka 2016 nilifunga mikono mipya kwenye Corolla ya mteja wa Tukuyu, nikakaza kila kitu gari ikiwa juu ya stendi. Miezi miwili, bushi zimechanika. Nikarudi dukani kugomba, nikapewa nyingine, nikafunga vilevile, zikachanika tena. Mteja yule alipoteza siku mbili za kazi na nauli zake, na kosa lilikuwa langu.

Ichukue bushi ya zamani uikate uone. Kuna bomba la chuma ndani, chuma kingine nje, na katikati raba iliyogandishwa kwa vyote viwili. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa na chasi, halizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, inayojipinda ni raba. Sasa ukikaza wakati mkono unaning'inia, raba inazoea pale chini. Ukishusha gari, tayari imejipinda kabla hujaondoka, na kila shimo linaipinda zaidi. Kwa barabara zetu haimalizi msimu wa mvua.

Dawa yake ni kukaza mkono ukiwa kwenye kimo chake cha kawaida. Njia ninayoipenda ni shimo la gereji: rudisha tairi, shusha gari, iendeshe mbele na nyuma kidogo, ingia shimoni ukaze kutoka chini. Huna shimo, pandisha matairi yote manne juu ya mbao nene na pana, weka vizuizi. Njia ya tatu ni jeki chini ya mkono karibu na boljointi, nyanyua hadi futi kamba isome ile namba yako. Hapo uwe mwangalifu: mara nyingi gari huanza kuachia stendi kabla haijafika. Ikianza kuachia, acha, tumia mbao. Na usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Tumia toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha gari yako. Nati za tairi za 110 ni 103 Nm.

Alaimenti

Nenda siku hiyohiyo. Kwa 110 watarekebisha tairodi tu, zile fimbo za usukani.

Mjomba alipanda Ilembo Jumamosi, akashuka na magunia manne. Jumapili nilipitisha spana kwenye nati zote. Moja ya boljointi ya kushoto ilikubali robo mzunguko.